Hakulewa: Tujue Asetoni na Barafu Kavu Kazini



Jumapili moja tulikuwa na mkutano wa tawi huko Kirewa. Kama kawaida tulikaa chini ya mwembe tukingoja watu watimie. Wanachama wetu wa Kirewa wengi hulala nyumbani na kufanya kazi mbali. Wengine wako Tororo katika saruji na maghala, wengine Busia upande huu na upande ule wa mpaka, wengine katika mashamba ya miwa. Kwa hiyo, mkutano unapokawia kuanza, kila mtu hueleza shida za kwake.

Siku hiyo walibishana watu wawili. Mmoja ni kijana anayepaka rangi kwa bomba katika karakana moja ya Busia. Wa pili ni mzee wa makamo anayepakia masanduku ya baridi katika ghala.

"Mzee, nyinyi mnabeba barafu tu," kijana alisema. "Sisi ndio tunaovuta sumu. Jioni nikifika nyumbani kichwa chauma, hata chakula sikitaki."

Mzee alitikisa kichwa. "Kijana wangu, hiyo yako yanuka. Ukiisikia, unatoka nje. Hii yetu hainuki, haina rangi, wala haikuambii kitu. Mwenzetu ilimwangusha mlangoni, na wewe mwenyewe wajua aliambiwa nini."

Wote tulijua. Mwenzetu huyo aliingia asubuhi katika bodi ya lori lililofungwa usiku kucha likiwa na masanduku ya barafu kavu. Alipiga hatua chache, akapepesuka, akaanguka kifudifudi. Aliyekuwa nje alimvuta kwa miguu. Alipozinduka alitapika, na maneno yake yalikuwa ya kukwama kwama. Nyapara alipofika alisema ni malwa ya jana. Mwenzetu akakatwa mshahara wa siku tatu na kuandikiwa barua ya onyo kwa ulevi kazini.

Yeye hanywi pombe. Lakini sisi viongozi wa tawi tulipokwenda kumtetea tuliulizwa swali moja: "Kama hakulewa, alikuwa na nini?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi tumeinamisha vichwa. Hapo ndipo tulipoamua kuuliza wenye ujuzi, kusoma, na kupiga hesabu. Haya tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyojifunza. Tunayaandika kwa kulinganisha vitu hivyo viwili, asetoni ya kijana na barafu kavu ya mzee, kwa sababu anayekijua kimoja tu huweza kudanganyika kwa kingine.

ASETONI NI KITU GANI?

Asetoni ni maji meupe yanayong'aa, yenye harufu kali ya utamu-utamu. Wanawake wengi wanaijua, maana mara nyingi ndiyo iliyomo katika dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mafundi huikuta ndani ya thina za kuyeyushia rangi, katika gundi, na katika kazi ya kutengeneza matangi na mashua za nyuzi za kioo. Kazi yake ni kuyeyusha. Huyeyusha rangi, gundi, mafuta na plastiki nyingine. Ukiimimina katika kikombe cha ile plastiki nyeupe nyepesi ya kufungia redio mpya, kikombe hulegea na kutoboka papo hapo.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliihitaji sana kwa kutengenezea baruti. Mtaalamu Chaim Weizmann alipata njia ya kuitoa katika nafaka kama mahindi kwa kutumia vijidudu, karibu kama vile sisi tunavyochachusha pombe. Siku hizi kwa kawaida hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli.

Maji ya kawaida huchemka yakifika nyuzi 100. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 tu, na hata kabla ya kuchemka hukauka upesi sana. Ukimwaga kidogo mkononi utasikia baridi, kisha mkono umekauka. Lakini haikupotea. Imegeuka mvuke, na mvuke huo uko chumbani pamoja nawe. Tena ni mvuke unaowaka. Hata kukiwa na baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, asetoni bado hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Kwetu Tororo, penye joto, hakuna saa hata moja ya mchana au usiku ambayo asetoni iliyo wazi haiwezi kuwaka.

BARAFU KAVU NI KITU GANI?

Barafu kavu si maji yaliyoganda. Ni hewa iliyoganda. Hewa yenyewe ni ile ya ukaa, ambayo wenye elimu huiita kaboni dayoksaidi. Ndiyo hewa tunayoitoa puani tunapopumua. Ndiyo mapovu ya soda. Ndiyo mapovu yanayopanda katika chungu cha malwa.

Sisi wa Tororo tunaishi juu ya hewa hiyo, ila imefungwa ndani ya mawe. Kiwanda cha saruji kilijengwa hapa katika miaka ya 1950 kwa sababu ya mawe ya chokaa. Mawe hayo yakichomwa katika tanuru hutoa hewa ya ukaa: katika kila kilo 100 za chokaa safi ya mawe, kilo 44 hupaa kama hewa. Kwa jirani zetu wa Kenya, huko Kereita katika sehemu za Lari, Kiambu, hewa hii hutoka ardhini yenyewe, na kampuni ya Carbacid huichimba kwa visima kama watu wengine wanavyochimba maji. Katika viwanda vya bia na vya spiriti hutoka katika mapipa ya kuchachusha.

Hewa hiyo ikishindiliwa na kupozwa sana huganda kuwa kitu cheupe kama chumvi ya jiwe. Baridi yake ni nyuzi 78 chini ya sifuri. Haiyeyuki kuwa maji. Hugeuka hewa moja kwa moja, na sanduku hubaki kavu. Ndiyo maana ya jina lake. Kwa sababu hiyo hutumiwa kupozea aiskrimu, nyama, sampuli za damu na dawa. Wakati wa korona, mwaka 2021, moja ya chanjo zilizoletwa Afrika ya Mashariki ilihitaji baridi ya nyuzi 70 hivi chini ya sifuri, na masanduku yake yalijazwa barafu kavu. Watu waliobeba masanduku kama hayo ni wafanyakazi kama sisi.

Na wewe usiyefanya kazi ya baridi, huenda umeiona bila kuijua. Ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto wenye pembe nyeusi pana, ukifunguliwa hutoa moshi mweupe na theluji. Theluji ile ni barafu kavu.

ZINAFANANA WAPI?

Kwanza, zote mbili hushuka chini. Mvuke wa asetoni ni mzito mara mbili kuliko hewa tunayovuta. Hewa ya ukaa ni nzito mara moja na nusu. Basi zote mbili hutiririka kama maji: huingia katika mashimo ya magari, mitaro, vyumba vya chini, matangi, na chini ya meza. Dirisha lililo juu karibu na dari halisaidii sana. Matundu ya hewa yanatakiwa yawe chini, usawa wa sakafu. Aliyesimama aweza kuwa salama, na aliyeinama kuokota spana asiinuke tena.

Wenzetu wa Goma, huko Kongo, wanalijua jambo hili kuliko sisi. Huko, karibu na milima ya moto na Ziwa Kivu, hewa ya ukaa hutoka ardhini na kujikusanya katika mabonde madogo. Watu wameyapa mahali hapo jina la mazuku. Mbuzi hufa pale, na watu wamekufa. Mtu mrefu hupita, mtoto huanguka. Na huko Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa wingu la hewa hiyo hiyo likatelemka mabondeni usiku. Watu zaidi ya 1,700 walikufa, wengi wakiwa wamelala.

Pili, zote mbili humfanya mtu aonekane mlevi. Asetoni ikizidi huleta kichwa kuuma, kizunguzungu, maneno kukwama, kichefuchefu na usingizi. Hewa ya ukaa ikizidi huleta kichwa kuuma, kutweta, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na kuanguka. Kwa macho ya nyapara mambo hayo yote ni pombe. Ndugu, tulishike sana neno hili. Mfanyakazi akipepesuka kazini, swali la kwanza lisiwe "amekunywa nini?" bali "alikuwa anavuta hewa gani?"

Tena kuna jambo jingine. Mgonjwa wa sukari aliyezidiwa, mwili wake wenyewe hutengeneza asetoni, na pumzi yake huweza kunuka utamu-utamu huo huo. Naye hupepesuka, naye huitwa mlevi. Mtu kama huyo, hata kama hagusi thina, apelekwe hospitali upesi.

ZINATOFAUTIANA WAPI?

Asetoni huwaka, hewa ya ukaa huzima moto. Hii ndiyo tofauti kubwa. Karibu na asetoni, adui wako ni sigara, jiko, cheche za kuchomelea, swichi ya umeme, na injini ya bodaboda iliyowashwa mlangoni. Karibu na barafu kavu hakuna moto wa kuogopa. Cha kuogopa ni chumba kisichopitisha hewa.

Asetoni hunuka, hewa ya ukaa hainuki. Hapa mzee wetu alisema kweli, lakini nusu. Pua huzoea. Ukikaa katika harufu ya thina kwa muda, hutaisikia tena kama mwanzo, nayo ipo vile vile. Kwa hiyo pua yako hukuambia umeingia, lakini haikuambii imekuwa nyingi kiasi gani. Nayo hewa ya ukaa ikiwa nyingi sana huchoma pua kama soda inayopanda, ila wakati huo huenda umekwisha kuchelewa. Dalili ya mapema ni pumzi yako mwenyewe. Ukijiona unatweta nawe hujakimbia wala hukubeba mzigo, toka nje mara moja. Wala usidanganywe na ule ukungu mweupe wa barafu kavu. Ukungu ni matone ya maji yaliyomo hewani, yamepozwa. Ukungu hutoweka, hewa ya ukaa hubaki.

Asetoni hukausha ngozi. Barafu kavu huiunguza. Asetoni huondoa mafuta ya ngozi mpaka mikono inapasuka kama udongo wa kiangazi. Barafu kavu ikishikwa kwa mkono mtupu hugandisha nyama, na kidonda chake ni kama cha moto. Ukiunguzwa nayo, usisugue. Tia mahali hapo katika maji ya uvuguvugu, si ya moto, kisha uende kwa mganga wa hospitali.

Hata glavu ni tofauti. Kwa barafu kavu zinatakiwa glavu nene za ngozi au kitambaa kizito, zinazovuka upesi. Glavu hizo hizo kwa asetoni ni hatari, maana zinanyonya na kuishikiza mkononi. Kwa asetoni inatakiwa raba nzito ya aina ya butili. Zile glavu nyembamba za hospitali haziizuii kwa muda.

Vitambaa vya kufunika mdomo navyo vinadanganya wengi. Kitambaa cha vumbi hakizuii asetoni wala hewa ya ukaa. Barakoa yenye vikopo vya makaa maalum huikamata asetoni kwa muda, kisha vikopo hushiba na lazima vibadilishwe. Lakini hewa ya ukaa hupita katika vikopo hivyo kana kwamba havipo. Penye hewa ya ukaa nyingi, mtu haingii ila kwa mtungi au mpira unaomletea hewa safi kutoka nje. Na maziwa wanayopewa wapaka rangi mahali pengi? Maziwa ni chakula kizuri, na asiyekataa asikatae. Lakini hayaondoi mvuke mapafuni. Tajiri akileta maziwa badala ya madirisha, ametuletea chai tu.

Mwisho, chombo. Asetoni yataka chombo kilichofungwa barabara, chenye jina lake, mbali na jua na moto. Usiitie kamwe katika chupa ya soda, mtoto ataiona maji. Barafu kavu yataka kinyume chake. Ukiifungia katika chupa au dumu lililokazwa kifuniko, hewa itajaa mpaka chombo kipasuke kama bomu. Sanduku lake lazima lipumue. Mtu aliyezoea kufunga asetoni akapewa barafu kavu bila kufundishwa, atafanya lile alilolizoea, na litamlipukia usoni.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Tuchukue kichumba kidogo cha mita 2 na nusu kila upande wa sakafu, chenye dari ya kimo cha mlango. Ni kama stoo nyingi tunazozijua.

Lita 1 ya asetoni ikimwagika humo na kukauka yote bila hewa kupita, inatosha kukijaza chumba kizima na hewa inayoweza kulipuka. Lita moja tu. Na kwa kuwa mvuke hulala chini, hata glasi chache zaweza kufanya hivyo sehemu za sakafuni.

Kilo 1 ya barafu kavu hugeuka hewa zaidi ya lita 500, yaani madumu 25 na zaidi ya lita 20. Katika chumba hicho hicho kilichofungwa, kilo 1 hutosha kumfanya mtu atwete na kichwa kimuume. Kilo 3 zaweza kumwangusha bila fahamu kwa dakika chache, na asipotolewa atakufa.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2018 huko Marekani, katika jimbo la Washington, mama mmoja alikufa ndani ya gari lililokuwa na masanduku ya barafu kavu ya kupozea aiskrimu. Mwezi wa Februari 2020 huko Moscow, watu walimwaga zaidi ya kilo 20 za barafu kavu katika bwawa la kuogelea lililo ndani ya nyumba, wapate ukungu wa kupendeza katika sherehe. Watu 3 walikufa.

Sheria ya Marekani inasema mfanyakazi wa zamu ya saa 8 asivute hewa yenye asetoni zaidi ya sehemu 1,000 katika milioni, wala hewa ya ukaa zaidi ya sehemu 5,000 katika milioni. Hewa ya kawaida ya nje ina hewa ya ukaa sehemu 420 hivi tu. Mtu asije akawaambia kwamba, kwa kuwa tunaipumua kila siku, haina madhara. Hata maji tunayanywa, na watu huzama.

TAA SHIMONI

Wazee wetu wachimbaji wa visima wana desturi ya kuteremsha taa au mshumaa shimoni kabla ya mtu kushuka. Taa ikizimika, hawashuki. Desturi hii imeokoa watu, na hatuidharau. Lakini ndugu wa viwandani na wa mashambani wanaosafisha matangi, isikilizeni vizuri.

Kwa hewa ya ukaa, taa ikizimika ni kweli usiingie. Lakini ikiendelea kuwaka si ruhusa ya kuingia. Mshumaa huweza kuendelea kuwaka mahali ambapo hewa ya ukaa imekwisha kutosha kumwangusha mtu.

Kwa asetoni, petroli au thina, taa yenyewe ndiyo kiberiti. Ukiiteremsha katika tangi lenye mvuke huo, umelipua tangi na wewe mwenyewe juu yake.

Basi desturi moja haiwezi kutumika mahali pote. Mwulize kwanza tajiri: tangi hili lilikuwa na nini? Tangi la molasi, ule uji mweusi wa miwa, likibaki na mabaki hupata maji ya mvua na kuchachuka, nalo hujaa hewa ya ukaa bila mtu kuitia. Pipa la rangi hujaa mvuke wa kuwaka. Kilicho salama kwa yote mawili ni kupuliza hewa safi ndani kwa muda wa kutosha, kupima kwa chombo cha kupimia hewa, kumfunga anayeingia kamba, na kuweka mtu nje asiyetoka hapo hata kidogo.

ZIKIKUTANA

Katika maabara nyingine wafanyakazi huchanganya vitu hivi viwili makusudi. Hutia vipande vya barafu kavu katika asetoni ili wapate maji yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, kwa sababu asetoni haigandi mpaka baridi ifike nyuzi 95 chini ya sifuri. Kama wewe ndiwe unayetumwa kuandaa mchanganyiko huo, kumbuka kwamba hapo hatari zote zipo pamoja. Mvuke unawaka, hewa ya ukaa inatoka kwa wingi, na maji yale ya baridi hushikamana na ngozi na kuiunguza kuliko barafu peke yake. Tia kipande kidogo kidogo, maana ukitia kwa pupa hufoka na kumwagika. Vaa miwani ya kukinga macho, na fanya kazi mahali hewa inapopita.

Vile vile mtungi wa hewa ya ukaa huzima moto wa asetoni. Hapo adui mmoja hutusaidia juu ya mwingine. Lakini ukiufungua katika chumba kidogo, moto ukishazimika toka nje, usikae kuangalia. Hewa iliyouzima moto haitakuhurumia wewe.

MWENZAKO AKIANGUKA

Ndugu, hapa ndipo tunapopoteza watu wengi. Mmoja anaanguka shimoni, wa pili anashuka kumtoa, naye anaanguka, wa tatu vivyo hivyo. Upendo usio na akili huongeza makaburi.

Usiingie. Piga kelele, ita watu. Fungua milango yote, puliza hewa ndani. Kama ana kamba, mvute. Kama miguu yake unaifikia ukiwa nje, mvute kama mwenzetu alivyovutwa. Kama ni asetoni, zima moto wote kwanza wala usiguse swichi. Akishatolewa mlaze penye hewa safi. Asipopumua, asaidiwe kupumua na anayejua. Mpelekeni hospitali hata kama amezinduka. Na huko hospitali mwambieni mganga jina la kitu alichokuwa anakifanyia kazi, na kiasi chake, ili akiandike. Karatasi hiyo itakuja kuwa shahidi.

SHERIA INASEMA NINI?

Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Kenya ina yake ya mwaka 2007. Ndugu zetu wa Busia wanaovuka mpaka kila asubuhi wajue kwamba sheria inayowahusu ni ya upande wanaofanya kazi, si ya upande wanaolala.

Sheria hizo zote mbili zinamtaka mwajiri atunze usalama wa mahali pa kazi na kuwafundisha wafanyakazi. Zote mbili zinamlinda mfanyakazi aliye na sababu ya haki ya kuona hatari kubwa iliyo karibu: atoe taarifa, wala asilazimishwe kurudi pale kabla hatari haijaondolewa. Kenya, mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanyakazi. Uganda nayo inazo kamati za namna hiyo katika sheria yake. Na aliyeumia kazini ana haki ya kudai fidia. Kenya iko Sheria ya Fidia za Ajali Kazini ya mwaka 2007, na Uganda ina sheria yake ya fidia ya wafanyakazi.

Basi kila tawi lidai mambo haya, nayo si makubwa. Kila chombo kiandikwe jina la kilichomo na hatari yake kwa lugha tunayoisoma. Matundu ya hewa yawekwe chini. Glavu ziwe za kazi yake. Milango ya bodi na ghala la baridi ifunguliwe na hewa iachwe ipite kabla mtu hajaingia. Asiingie mtu peke yake katika tangi, shimo wala bodi iliyofungwa. Na kila ajali iandikwe kitabuni siku ile ile, hata kama mtu alizinduka na kurudi kazini.

TULIVYORUDI OFISINI

Tulirudi kwa yule mwajiri tukiwa na karatasi moja. Stakabadhi ya jioni ilionyesha kilo 12 za barafu kavu zilizopakiwa. Asubuhi zilipimwa kilo 4. Kwa hiyo kilo 8 ziligeuka hewa usiku, yaani lita 4,000 na zaidi. Bodi ya lori lile ina ukubwa wa mita 20 za ujazo, yaani lita 20,000. Hiyo ni sehemu moja katika tano. Tulimwambia: hata tukisema nusu yake ilitoka kwa nyufa za mlango, iliyobaki ni sehemu moja katika kumi, na kwa kiasi hicho mtu huanguka. Ilikuwa hesabu ya darasa la sita. Mezani hakuna aliyeipinga.

Mwenzetu alirudishiwa mshahara wa siku tatu. Barua ya ulevi iliondolewa katika faili lake, na yeye mwenyewe alitaka aione ikichanwa. Matundu ya hewa ya chini bado tunayadai, wala hatutaacha.

Na ubishi wa pale mwembeni tuliumaliza hivi. Kijana na mzee wote walikuwa na haki, na wote walikosea kidogo. Tulimwomba kijana aje aeleze wenzake wa ghala habari za kuhesabu mvuke, na mzee aende karakana ya Busia kueleza habari za hewa inayolala sakafuni. Walikubali. Matawi mengine nayo yafanye hivyo. Anayejua hatari moja amfundishe anayejua nyingine, na siku tajiri atakapouliza tena, "Kama hakulewa, alikuwa na nini?" tuwe na jibu la kumpa.

Umoja ni nguvu.